Mtoto akisema "lafiki": ni ugonjwa au ni umri wake?

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze jambo linalowahusu hawa wadogo zetu wanaokimbizana kwenye ngazi za majumba ya Michenzani, na wa kwengineko pia.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto mmoja anasema "lafiki" badala ya rafiki, "sukali" badala ya sukari. Mwengine anasema "tutu" na anakusudia kuku. Yupi kati ya hawa ana tatizo? Yupi wa kupelekwa hospitali na yupi wa kuachwa akue?

Huku mtaani kila mtu ni daktari. Bibi atasema mtoto ana udata, ule uzi wa chini ya ulimi ni mfupi, ukatwe. Jirani atasema tatizo ni kimio. Shangazi atasema mwacheni, hata babaake alichelewa kusema na leo hanyamazi. Mwalimu atasema huyu hayuko tayari kwa darasa la kwanza. Na wote wanasema kwa uhakika kabisa!

Mie nilianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, ana miaka minne na nusu. Skuli moja ya maandalizi (siitaji) walimwambia dada kuwa mwanawe "ana ulimi mzito" kwa vile hasemi r. Wenzake darasani wakampa jina, wakamwita Lafiki. Mtoto aliyekuwa akiimba nyumba nzima akawa hataki tena kufungua mdomo mbele ya watu. Wakati huohuo, ngazi ya pili yetu yuko mtoto mwengine, kapita miaka mitano, ambae ukimtoa mamaake hakuna anaefahamu anachosema. Huyo hakuna hata mmoja aliyesema apelekwe popote, kwa sababu ni mpole na hasumbui watu.

Yaani aliye mzima kafanywa mgonjwa, na anaehitaji msaada kaachwa. Hapo ndipo penye khatari, na ndo maana nikaona niandike.

SAUTI ZINA ZAMU ZAKE

Mtoto hazipati sauti zote za lugha kwa siku moja. Zinakuja kwa zamu, kama meno. Sauti kama m, n, p, b na t huwa zinatangulia, kwa sababu kuzitamka ni kazi nyepesi: midomo inafunga na kufungua, au ulimi unagusa juu basi. Sauti kama s na z zinataka ulimi ukae karibu na juu bila ya kuziba, pumzi ipite kwenye upenyo mwembamba. Hiyo ni kazi. Na r yetu inataka ncha ya ulimi ipige haraka na kuachia. Hiyo ni kazi zaidi.

Sasa kwa Kiswahili zamu hizi zikoje? Mwaka 2015 watafiti watatu, Nazneen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse, walitoa utafiti wao juu ya watoto 24 wa Dar es Salaam ambao Kiswahili ndo lugha yao ya kwanza, wenye umri wa miaka 3 mpaka karibu na 6. Waliwaonesha picha za vitu wanavyovijua, watoto wakataja majina, sauti zao zikarekodiwa na kuandikwa herufi kwa herufi. Walichokiona ni hiki:

Kufika miaka 3, irabu zote tano (a, e, i, o, u) zilikuwa zimeshakaa sawa, na konsonanti nyingi pia. Sauti za s, z na h zilikuja kwenye miaka 4. Za mwisho kabisa zilikuwa th na r, karibu na kutimiza miaka 6. Na kosa lililoonekana sana lilikuwa ni lipi? Kutia l! Yaani hiyo hiyo "lafiki" ambayo watoto wetu wanachekewa.

Watoto 24 ni wachache, walikuwa wanne wanne kwa kila nusu mwaka wa umri, na watafiti wenyewe waliuita utafiti wao kuwa ni wa awali. Lakini haukinzani na ulimwengu. Mwaka 2018 Sharynne McLeod na Kathryn Crowe walikusanya tafiti 64 zenye watoto 26,007 wa lugha 27, wakaona kwamba konsonanti nyingi mtoto anakuwa keshazipata anapofika miaka mitano. Zinazobaki nyuma mara nyingi ni hizo za kupiga ulimi na za kupenyeza pumzi.

Kwa hivo mtoto wa miaka minne na nusu asiesema r hajachelewa kitu. Zamu yake haijafika. Kumzuia darasa kwa ajili ya r ni sawa na kumzuia kwa sababu hajang'oa jino.

KIPIMO CHA KIINGEREZA HAKIPIMI KISWAHILI

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini watu wahangaike kutafiti Kiswahili wakati vipimo vya Kiingereza vipo tele, si vitafsiriwe tu? Haiwezekani, na sababu zake ni nyepesi kufahamu.

Kiingereza kinamaliza maneno kwa konsonanti, kama "cat" au "dog", kwa hivo kipimo chao kinaangalia kama mtoto anaidondosha ile sauti ya mwisho. Maneno yetu ya asili yanaishia na irabu. Utapima nini hapo? Wao wana mikusanyiko kama "str" mwanzo wa neno. Sisi tuna yetu: mb, nd, kw, mw. Tuna m inayosimama peke yake kama silabi nzima, kama kwenye mtu na mti. Tuna ng' ya ng'ombe mwanzo wa neno, ambapo Mwingereza haiweki kabisa. Na maneno yetu ni marefu. Mtoto wa Kiswahili anakutana na "kipepeo" mapema sana, kwa hivo kukata silabi ya mbele na kusema "pepeo" ni jambo la kawaida kwa mdogo. Kipimo cha kutafsiri hayo yote hakiyaoni.

Halafu zile picha. Mtoto wa Michenzani ukimwonesha picha ya mtu wa theluji akanyamaza, utaandika hajui kusema? Huyo hakijui kitu chenyewe!

KISWAHILI CHA NANI?

Hapa ndo penye utamu. Hata ukipata kipimo cha Kiswahili, lazima uulize: Kiswahili cha wapi?

Mtoto wa Mombasa aliyekulia kwenye Kimvita anasema "mato" kwa macho, "ndia" kwa njia, na akimwita mwenzake anasema "ndoo!" Sisi wa Unguja tutaanza kutafuta ndoo ya maji, lakini yeye hajakosea hata herufi moja. Ndivyo wanavyosema mamaake na bibi yake. Mtoto wa Unguja ambae nyumbani kwao wote wanasema "njoo" na yeye peke yake anasema "ndoo", huyo ndo wa kuandikwa kwenye daftari. Neno moja, watoto wawili, majibu mawili tofauti.

Sisi tunajiona Kiswahili chetu ndo chenyewe kwa sababu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sawa, lakini Michenzani hii imejaa watu wa kila pahala. Ngazi moja utamkuta mtu wa Pemba, wa Makunduchi, wa Tumbatu, na aliyekuja kutoka bara. Mtoto anaelelewa na bibi wa Makunduchi atachukua matamshi ya bibi. Mtoto ambae wazee wake wanasema "zambi" hatosema "dhambi", na ambae babaake anasema "mahari" akikusudia mahali atasema hivo hivo. Mtoto anakopi anachokisikia. Huo sio ugonjwa wa usemi, huko ndo kujifunza lugha kwenyewe.

Na chuoni pia tuwe waangalifu. Kuna faida, kwa sababu mtoto anapopitishwa kwenye the na dhali, anazisikia th na dh zikitamkwa wazi. Lakini swadi, dhwadi, twa na aini ni herufi za Kiarabu, zina sauti ambazo kwenye Kiswahili cha kila siku hamna. Mtoto asiyeziweza bado anajifunza lugha ya pili, usimwandike kuwa mgonjwa.

Jengine wanaloliogopa wazee, khasa ndugu zetu walioko Maskati, Uingereza na kwengineko, ni lugha mbili. Wapo wanaoacha kumsemesha mtoto Kiswahili wakidhani kinamchanganya. Jamani, lugha mbili hazimletei mtoto ugonjwa wa usemi. Mwenye tatizo la kweli litaonekana kwenye lugha zake zote. Akisema "sank you" kwa Kiingereza lakini Kiswahili chake kimenyooka, basi huyo anajifunza Kiingereza tu. Ndo maana mtaalamu mzuri anataka kumsikia mtoto kwa kila lugha anayotumia nyumbani, hata ikibidi atafute mkalimani.

WATAALAMU WANAHESABU VIPI?

Kuna hesabu moja nyepesi: chukua maneno, hesabu konsonanti zote zinazotakiwa, halafu hesabu ngapi mtoto kazipatia. Tuchukue mfano wa maneno matano: mtoto, rafiki, sukari, kuku, paka. Konsonanti zake ni 3, 3, 3, 2 na 2. Jumla 13.

Mtoto wa kwanza anasema: mtoto, lafiki, sukali, kuku, paka. Kakosa r mbili tu. Kapata 11 kati ya 13, kama asilimia 85.

Mtoto wa pili anasema: toto, tatiti, tutati, tutu, pata. Kapatia t mbili za mtoto na p ya paka, basi. Kapata 3 kati ya 13, asilimia 23.

Maneno matano hayatoshi kumhukumu mtu, kipimo chenyewe kina mengi zaidi. Lakini tazama tofauti. Na tazama jambo jengine: huyu wa pili hakosei ovyo ovyo. Irabu zake zote ziko sawa, ila karibu kila konsonanti kaigeuza t. Ana kanuni yake kichwani! Ulimi wake hauna ubovu wowote wa kuonekana, ni mpango wa sauti kichwani ambao haujapangika. Mtoto kama huyo ukimkata uzi wa chini ya ulimi utamuumiza bure.

Na tiba yake inafuata hapo hapo. Mtaalamu anaweza kuweka picha mbili mezani, taa na kaa yule wa pwani. Mtoto anataka kaa, anasema "taa", anapewa taa. Anakasirika. Taratibu anagundua kwamba sauti moja inabadilisha maana nzima, na anaanza kuitafuta k. Ni mchezo, lakini umepangwa.

KWANZA MASIKIO, SIO KISU

Kabla ya yote hayo, apimwe masikio. Mtoto anaetokwa na usaha masikioni mara kwa mara, au asiegeuka ukimwita kwa nyuma, atatamka vipi sauti asiyoisikia vizuri? Sauti kama s na f ni nyembamba, ndo za mwanzo kupotea. Halafu aangaliwe kinywa, maana kaakaa lililopasuka pengine ni dogo na limejificha nyuma.

Kuhusu udata: uzi mfupi unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, lakini mara nyingi siwo unaomzuia kusema. Jaribu mwenyewe kusema "kuku" na "paka" ncha ya ulimi ukiwa umeilaza chini, utaona yanatoka. Aamue daktari. Ama kukata kimio kwa mganga ni jambo lililoandikwa na madaktari hapa Tanzania miaka mingi kwa madhara yake: kutokwa na damu na kuingia vijidudu. Na r haitokani na kimio. Tuacheni.

MASWALI SABA YA KUULIZA NYUMBANI

Sharynne McLeod na wenzake wa Australia walitunga mwaka 2012 kipimo cha maswali saba, na hakihitaji mashine wala picha. Unauliza tu: mtoto huyu anafahamika na nani? Wewe mzazi? Watu wa nyumbani? Jamaa wengine? Marafiki zake? Watu wanaomjua kidogo? Walimu wake? Mtu asiemjua kabisa? Kila swali linapewa alama 1 mpaka 5, kutoka kamwe hafahamiki mpaka anafahamika daima.

Nimekipenda kwa sababu hakiulizi kama mtoto anasema kama mtangazaji wa redio. Kinauliza kama maneno yake yanafika kwa watu. Mtoto wa dada yangu muuza duka anamfahamu, akitumwa "sukali" anarudi na sukari. Yule wa ngazi ya pili akitumwa anarudi mikono mitupu.

Na usidhani mzazi asiesoma hawezi kusaidia. Kule Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, utafiti ukatoka mwaka 2015. Wazazi wengi hawakuwa wanasoma, kwa hivo waliulizwa kwa mdomo, na majibu yao yalifaa. Mama anamjua mwanawe.

Basi dalili za kutokukaa kimya ni hizi:

1. Kafika miaka 3 na hata watu wa nyumbani hawamfahamu.
2. Kafika miaka 4 na mtu asiemjua hashiki sehemu kubwa ya maneno yake.
3. Kapita miaka 3 na irabu bado zinayumba, paka anakuwa "poko".
4. Neno moja ukimwambia alitaje mara tatu linatoka sura tatu tofauti.
5. Anaonekana hasikii vizuri.
6. Alikuwa anasema halafu kaacha. Huyu asingojewe hata wiki.

Ukiona moja ya hayo, anza hospitali yenye daktari wa masikio, uombe mtoto apimwe, halafu uulize mtaalamu wa tiba ya usemi yuko wapi. Ni wachache sana Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kusomesha shahada ya fani hii mwaka 2008 tu. Vijana mnaosoma sayansi na hamjui mchague nini, hiyo hapo, kazi ipo ya kutosha. Na mfano niliouleta hapa ni wa watoto 24 wa Dar. Wa Unguja na Pemba nao wanastahili kuhesabiwa kwa Kiswahili chao.

Nyie makaka na madada ndo mnaokaa na wadogo zenu kutwa. Chukua simu, mrekodi mdogo wako akitaja vitu vya nyumbani, kama dakika tano, na andika tarehe yake ya kuzaliwa. Mtaalamu akisikia hiyo ana pa kuanzia, maana watoto wengi wakifika hospitali wananyamaza. Na nyumbani usimcheke wala usimlazimishe arudie. Akisema "lafiki yangu kaja", wewe jibu tu "eeh, rafiki yako kaja, mfungulie." Kalisikia lililo sahihi, na hakuaibika.

Dada kamrudisha mwanawe skuli na kazungumza na mwalimu mkuu, wamekubaliana r isitajwe tena mpaka atimize sita. Mamaake yule wa ngazi ya pili nimemwomba aanze na masikio, wiki ijayo wanakwenda.

Walimu wa maandalizi, wazee, na mliokuwa na kithembe udogoni mkapona au hamkupona, uwanja wenu. Toeni maoni hapo chini, ila tusitaje majina ya watoto. Nawakilisha.